Mama Aliyetaka Kupiga Mbizi

Mtu mzima haogopi maji kama mtoto anavyoyaogopa. Mtoto hulia, hukukaba shingo, halafu baada ya muda husahau na kuanza kucheza. Mtu mzima hutabasamu. Atakwambia yeye haogopi hata kidogo, ila leo ana mafua, huku vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa bwawa mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nimefundisha wahasibu, makarani wa benki, bi harusi mmoja aliyekuwa akienda fungate Mombasa, na daktari aliyepasua matumbo ya watu bila kutetemeka lakini akashindwa kutia uso wake katika maji yaliyomfika kiunoni. Wote walitabasamu. Kwa hiyo yule mama alipokuja na hakutabasamu, nilijua hakuletwa na mambo yanayowaleta watu wengine.

Nilikuwa mwalimu wa kuogelea Kisumu, katika klabu moja iliyokuwa na bwawa. Niliingia pale mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa mfagiaji tu, kazi yangu kuopoa majani, kusugua ukoga na kumwaga dawa. Mwalimu aliyekuwepo, mgeni mmoja aliyefundisha watoto wa memba, aliporudi kwao, komiti iliona ni nafuu kunipa mimi filimbi yake kuliko kutafuta mtu mwingine. Kuogelea nilikuwa nimejifunza ziwani, kwa kuiba, maana nyumbani kwetu Nyalenda mtoto akionekana na nywele mbichi alichapwa kabla hajaulizwa. Mitindo ya kitaalamu niliiokota pale pale bwawani, nikiegemea ufagio na kujifanya sisikilizi.

Mimi ni mtu wa hasira, na walionijua hawatabisha. Niligombana na memba, na wapishi, na pampu. Lakini nikishaingia majini na mtu anayeogopa, sauti yangu hushuka yenyewe. Sijui inatoka wapi ile subira, maana nchi kavu sinayo.

Nilikuwa na mpangilio wangu. Kwanza kupuliza mapovu. Halafu kulala kifudifudi juu ya maji, mikono mbele, uso ndani, bila kusogeza kiungo, ili mwili ujue wenyewe kwamba maji yanaubeba. Zoezi hilo mimi na watoto tuliliita maiti. "Haya, maiti wote!" nilipiga filimbi, na watoto wa matajiri wa Milimani wakatanda bwawani, wa kwanza kuinua kichwa ndiye ameshindwa. Walilipenda kuliko mazoezi yote.

Kwa wanawake wazima nilikuwa na leso, ile kanga ya kujifunga. Kumshika mke wa mtu tumboni mbele ya klabu nzima ni kujitafutia maneno, basi niliipitisha leso chini ya kifua chake, nikashika ncha zote mbili kwa juu, nikamvuta taratibu akiwa amelala majini. Leso humwambia mtu kwamba ameshikwa. Siku ya kumwachia unailegeza kidogo kidogo, hata anaelea peke yake na hana habari. Hapo ndipo nilipokuwa nikipiga makofi, na yeye, akigundua, anapiga kelele na kuzama.

Kazi yangu ya pili haikuwa na mshahara na sikuiomba. Mtu akizama ziwani, pwani ya Dunga au Usoma, walinitumia mtu. Wavuvi wetu wengi hawajui kuogelea, na ukiwauliza watakujibu kwamba wana mtumbwi, kuogelea ni kwa nini? Kwa hiyo msiba ukitokea, mtu fulani alipanda baiskeli hadi klabu kumwita mwalimu. Nilienda. Ungekataaje? Nilipiga mbizi pamoja na vijana wawili watatu wenye moyo, mpaka apatikane.

Watu wanadhani mpiga mbizi anaangalia. Ziwa letu halina cha kuangalia. Ukishuka kimo cha mtu mmoja tu, mkono wako uko mbele ya uso na huuoni. Unatafuta kwa vidole vya miguu na kwa viganja. Unapapasa tope, kamba iliyokatika, gogo, na ukigusa kitambaa unajua umefika. Hata leo nikishika nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni, moyo hunipasuka.

Halafu likaja gugu maji, lile linaloelea juu ya ziwa. Mwanzo lilikuwa maua ya zambarau ambayo wasichana walichuma wakaweka mezani. Kufikia katikati ya miaka ya tisini ghuba yote ilikuwa imegeuka shamba. Watu walitania kwamba sasa tupande sukuma wiki, mvua si tatizo. Upepo ukivuma kutoka ziwani gugu lilisukumwa likafunga pwani, boti zikakwama ndani yake tangu asubuhi hadi jioni. Upepo ukigeuka, lilihama lote kwa pamoja, kimya kimya, likaenda kufunga mahali pengine.

Mtoto wa yule mama alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto anayenyonya. Alifanya kazi kwenye boti iliyoleta makaa na abiria kutoka upande wa Kendu Bay. Jioni moja boti ilifungwa na gugu karibu na Dunga. Walikuwa wamekaribia kabisa, abiria waliona moshi wa majiko ya wachoma samaki. Kijana akashika panga akashuka kukata njia. Gugu lilikuwa nene, likambeba, akaenda hatua kadhaa akilikanyaga kwa kujiamini, hata akawageukia abiria na kuwaambia kwamba wanaotaka kutembea wamfuate. Walicheka. Kisha halikumbeba tena. Walisema hakupiga kelele, na tundu alilopitia lilijifunga hapo hapo.

Niliitwa kulipokucha. Siku za mwanzo mitumbwi haikutoka kuvua, kama ilivyo desturi mtu akiwa bado majini, na pwani yote ilikaa ikinitazama. Tulikata gugu, tukazama, tukapapasa, tukaibuka na mizizi kichwani. Kwa kawaida ziwa humrudisha mtu lenyewe baada ya siku chache, akaelea akaonekana. Chini ya gugu haonekani. Hukwama kwenye ile mizizi, na gugu likihama linahama naye. Usiku wa pili upepo uligeuka, na asubuhi pale mahali palikuwa maji matupu yanayong'aa. Niliyatazama nikajua kwamba kazi imenishinda. Angeweza kuwa Usoma. Angeweza kuwa njiani kwenda Asembo.

Mama yake alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, mjane, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia wateja. Siku zote hizo alikaa chini pwani, miguu ameinyoosha mbele, hasemi. Kila nilipoibuka alisimama. Nikitikisa kichwa, anakaa. Nikazama tena, nikaibuka, akasimama. Nilifika mahali nikachukia kuibuka. Kule chini gizani angalau hapakuwa na mtu wa kutikisiwa kichwa.

Baadaye mitumbwi ikarudi kazini, maana watoto wa watu wengine nao walitaka kula. Shemeji za yule mama wakaja kutoka nyumbani, njia ya kwenda Bondo, wazee wenye kofia na adabu zao. Walikaa naye wakamwambia lililo desturi. Mtu aliyepotea majini asipopatikana, huzikwa yago badala yake. Yago ni lile tunda refu na zito la mwegea. Hulichukua wakalifunga sanda, wakalichimbia kaburi bomani kwao, wakalilia kama mtu. Mtu asiyezikwa hatulii, hubaki kule kule alikopotea, walimwambia, na mke wake naye hawezi kuanza maisha akiwa amekaa hivi, si mke wala mjane.

Nilikuwepo, nilisikia jibu lake. "Mimi sikuzaa tunda," alisema.

Wazee hawakukasirika. Walinong'onezana, kisha mkubwa wao akamwambia kwamba watangoja mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata, na hapo watazika. "Hiyo ni heshima tunakupatia, Mama," akasema. "Lakini isipite hapo."

Asubuhi ya pili yake mlinzi wa klabu alinifuata kwenye chumba cha pampu akaniambia kuna mama langoni, anamtaka mwalimu, amemwambia arudi saa ya wageni lakini haondoki. Nilitoka nikamkuta amesimama na mfuko wa karatasi kifuani. Nilidhani amekuja kunishukuru au kunilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Mwalimu, nifundishe hiyo kitu yako."

"Kitu gani, Mama?"

"Kuingia chini. Nyinyi mnaingia, mnatoka, mnasema hakuna. Mimi nataka kuingia mwenyewe niangalie."

Nilimwambia ukweli. Nataka ijulikane kwamba nilimwambia, na siku ya kwanza. "Mama, kule chini huoni kitu. Ni giza. Sisi tunapapasa tu."

"Mnapapasa!" Akanitazama kwa dharau. "Utapapasa mtoto yangu na wewe humjui? Mimi nimeosha yeye kutoka siku ya kwanza. Nikiona kisigino peke yake nitajua ni yeye."

Mtu mwenye akili angemrudisha nyumbani. Mama wa makamo, asiyejua kuogelea, anataka kuzama chini ya gugu kumtafuta mtu ambaye pengine hayuko tena ndani ya ghuba. Na hata akimwona, baada ya muda ule, angeona nini? Mimi nilijua angeona nini. Lakini nilikuwa nimemtikisia kichwa mara nyingi mno, na shingo yangu ilikataa kufanya hivyo tena. Nikamwambia aje kesho yake alfajiri, kabla memba hawajafika.

Alikuja. Chini ya gauni alivaa kaptula ya kiume, na sikuuliza ni ya nani. Kwenye mfuko alikuwa na leso. Hakushika ukingo wala hakutafuta ngazi kwa mguu. Aliteremka ndani ya maji kama anayekwenda kuteka, akasimama yalipomfika kifuani, gauni limejaa hewa na kumzunguka, akasema, "Haya."

Mama huyu alizaliwa hatua chache kutoka ziwani. Alichota maji yake, akafua humo, akaosha samaki humo, akabatizwa humo kwa kumwagiwa kichwani. Katika maisha yake yote hakuwahi kutia uso wake ndani. Nilipomwambia apulize mapovu alikohoa mpaka nikaogopa mlinzi atakuja. Akafuta pua kwa kiganja akarudi ndani. Akakohoa. Akarudi. Sijawahi kuona mwanafunzi wa namna hiyo. Wengine nilikuwa nikiwasukuma, huyu ilibidi nimzuie apumzike.

Tulipofika kwenye lile zoezi la pili nilifungua mdomo kulitaja jina lake, nikaufunga.

"Hii ya kulala inaitwa aje?" akaniuliza.

"Haina jina, Mama."

"Kila kitu iko na jina."

"Inaitwa kulala," nikasema. Na tangu siku hiyo watoto wa klabu nao niliwakataza lile jina letu, wakaniona nimeharibika.

Mwili wake ulikuwa mgumu, miguu ikishuka kila mara. Nilipitisha leso yake chini ya kifua nikamvuta, asubuhi hiyo na iliyofuata na nyingine tena. Hatukuzungumza mambo mengi. Mara moja aliniambia kwamba mke wa mwanawe haongei naye, kwamba msichana yule anataka wazike, amechoka. "Simlaumu," akasema. "Yeye amemjua miaka tatu."

Siku moja katikati ya wiki nilisikia uzito umeondoka kwenye leso. Nikailegeza. Akabaki juu. Nikaiachia kabisa, na yule mama akaelea peke yake, mikono mbele, uso ndani, gauni limetanda pande zote.

Hapo ndipo nilipozoea kupiga makofi. Sikupiga. Anayefanya kazi yangu ya pili anaijua ile sura, nguo iliyotanda na kisogo kilichotulia, na mimi nilikuwa nimeitafuta siku nyingi ziwani nisiipate, sasa nimeitengeneza kwa mikono yangu ndani ya bwawa la klabu. Nilishindwa. Nilimshika bega nikamsimamisha kwa nguvu.

"Kwa nini umenitoa?" akanifokea. "Nilikuwa bado na pumzi!"

Nilimwambia leo inatosha. Nikaenda chumba cha pampu, nikafunga mlango, nikalia huku pampu ikinguruma. Hicho ndicho kitu kizuri pekee ninachoweza kusema juu ya ile pampu.

Kesho yake alifungua macho. Sikumwambia afungue, bado tulikuwa kwenye pumzi. Lakini alikaa ndani muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku, na alipoibuka uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Mwalimu! Kumbe inaonekana! Nimeona miguu yako. Nimeona hata ile kidonda iko kwa kidole. Nimeona mpaka ukuta ya huko mwisho."

"Mama, hili ni bwawa. Tunachuja, tunatia dawa. Ziwa haliko hivi."

"Maji ni maji."

"Si hivyo, Mama."

"Uliniambia ni giza." Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Nyinyi wote mliniambia ni giza. Mlikuwa mnaogopa kuangalia, ama mlichoka?"

Hasira ikanipanda, nami nilikuwa ndani ya maji, mahali ambapo haijawahi kunipanda. Nilimfokea mtu wa rika la mama yangu. Nilimwambia tulizama mpaka masikio yakatoka damu. Nilimwambia mwanawe hayupo pale alipoanguka, gugu limehama naye, hata ungewasha taa chini ya ziwa lote usingemwona. Maneno yote ambayo kwa wiki nzima nilikuwa nimeyameza, yalitoka kwa mkupuo mmoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yakimtiririka usoni. "Basi tutaenda huko ilihamia," akasema.

Tukiwa bado tumesimama hivyo, katibu wa klabu akatokea. Alikuwa amekuja mapema kwa sababu zake. Alimtazama yule mama, akatazama gauni lake, akavuta pumzi puani kwa makusudi kama aliyesikia harufu ya omena.

"Mwalimu, hii klabu imekuwa mahali pa kuogea watu wa soko?"

Nilianza kumweleza. Hakutaka maelezo. Alisema akimwona tena mama yule majini, na mimi nifunge vyangu. Kwa kawaida ningemjibu kitu ambacho kingenifukuzisha kazi pale pale, lakini mama aliwahi kutoka, akakamua gauni lake taratibu, akamwambia katibu, "Asante, Bwana. Nilikuwa nimemaliza." Akanigeukia. "Kesho ziwani."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku ya wazee, na tulikuwa tumesikia kwamba tunda limeshachumwa.

Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, na mimi nimewashika wafa maji wa kutosha kujua ni kweli. Hushika chochote, hata macho ya anayemwokoa. Wiki nzima nilikuwa nikidhani anayetapatapa ni yeye. Nikiwa njiani kwenda Dunga asubuhi ile, nikijikuta naomba Mungu kwa sauti, niligundua kwamba ni mimi pia. Nilikuwa natumaini. Mimi niliyelijua lile tope kwa vidole vyangu, nilikuwa natumaini kwamba labda macho ya mama yataona tusichokiona sisi. Nilijionea haya, lakini sikuacha kuomba.

Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma gugu likaenda mbali kidogo, maji ya mbele yakawa wazi. Mvuvi mmoja aliyemjua kijana alitupeleka kwa mtumbwi wake. Hakutuuliza tunakwenda kufanya nini. Alipiga kasia mpaka pale pale, akaniangalia, nikaitikia, akatuliza mtumbwi.

Niliingia kwanza. Mama akanifuata, akishikilia ubavu wa mtumbwi kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye kucha. Hapakuwa na chini ya kukanyaga. Nilimfunga leso kifuani, nikaizungusha ncha yake kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Kama nilivyokufundisha," nikamwambia. "Pumzi kwanza."

Akavuta pumzi, akatia uso. Nilihesabu moyoni. Akaibuka.

"Ulifungua macho?"

"Nilifungua." Alikuwa akipepesa. "Labda sijafungua vizuri."

Akarudi. Safari hii alikaa zaidi, na niliona kichwa chake kikigeuka, kushoto, kulia, kama bwawani alipokuwa akitafuta ukuta wa mwisho. Alipoibuka alitazama maji yaliyomzunguka, yale yale aliyoyachota maisha yake yote, kisha akanitazama.

"Nipeleke chini."

"Mama."

"Nipeleke, nyathina." Yaani mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nilimshika mkono, nikamwambia akitaka kurudi anibane vidole. Tukazama. Nilimvuta chini mpaka kimo cha mtu na zaidi kidogo, mahali ambapo joto la juu linakwisha na maji yanakuwa baridi. Nilifungua macho, ingawa nilijua. Alikuwa karibu kiasi kwamba goti lake lilinigusa, na sikumwona. Wala yeye hakuniona mimi. Nilihisi mkono wake mwingine ukija polepole gizani, ukanigusa bega, ukapanda shingoni, ukanipapasa uso mzima, paji, macho, mdomo, ukijaribu kujua kama huyu ni mtu na ni nani. Ulisimama hapo shavuni. Halafu akanibana vidole.

Tuliibuka. Mvuvi na mimi tukampandisha mtumbwini, na haikuwa kazi ndogo. Alikaa sakafuni kwenye maji ya mtumbwi, akihema, leso bado imefungwa kifuani. Nilikuwa bado ndani, nimeshika ubavu. Alinyoosha mkono akachukua wangu, akaufungua kiganja, akautazama.

"Ulikuwa unaingia huko na hii tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliendelea kuushika. Ziwa lilikuwa shwari, na mbali tulisikia wanawake wa pwani wakigombania samaki. Nilingoja aseme kwamba tujaribu mahali pengine, Usoma, Asembo, kokote. Ningempeleka. Kama angesema twende mpaka Uganda siku ile, ningeogelea mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto alikuwa anaogopa giza. Mpaka ameoa. Mke yake alikuwa anamcheka, analala na koroboi ikiwaka."

Ndipo akalia. Wiki zote zile sikuwa nimemwona akilia, na sasa alilia kwa sauti ile ya sokoni, hata watu wa pwani wakanyamaza. Mvuvi aliinamisha kichwa juu ya kasia lake. Mimi nilining'inia pale kwenye ubavu wa mtumbwi.

Alipoweza kusema, alimshika mvuvi shati. "Turudishe. Harakisha. Waambie wazee wachimbe leo, wasingoje kesho." Akajifuta uso kwa leso mbichi. "Wamtoe huko. Huko ni giza sana."

Mvuvi akaanza kupiga kasia kwa nguvu zake zote, nami nikapanda nikachukua lile la pili.